Kefa na Televisheni Iliyopepesa

Kefa alikuwa anaongoza. Kwa mara ya kwanza tangu televisheni mpya iingie sebuleni kwake, magari yote ya kwenye gemu yalikuwa nyuma yake, mvua ikinyesha, taa za gari lake zikimulika lami nyeusi mbele. Akatoka kwenye kona ndefu akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho. Ghafla giza lote la kwenye skrini likaanza kutetemeka, likiwaka na kufifia haraka haraka, kana kwamba nyuma ya kioo kuna mtu anachezea swichi. Kefa akakaza macho. Kona iliyofuata hakuiona. Akaingia ukutani.

"Imeanza tena," alisema, na kuachia usukani.

Mkewe, Janeth, alikuwa kwenye cherehani upande wa pili wa sebule. Akainua uso. "Umeme huo, baba Eliana. Ungoje utulie."

"Jumapili siyo mbali, mama Eliana. Paskali anakuja."

Hapo Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, kila mtu alimjua Kefa kama dereva wa lori. Kwa miaka mingi alibeba vitunguu na alizeti kwenda Dar es Salaam na Mwanza, na alikuwa hodari wa kushuka mlima Sekenke na mzigo mzito bila kumtisha aliyekaa naye. Kisha siku moja, karibu na Manyoni, tairi la mbele likapasuka. Lori likaacha barabara. Paskali, kijana aliyekuwa utingo wake, ndiye aliyemtoa ndani ya kichwa cha gari na kumfunga mguu kwa shati lake mwenyewe. Kefa alipona, lakini mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Baada ya hapo akawa mtu wa kukaa ndani. Lori likipita barabarani likibadilisha gia, yeye huongeza sauti ya redio. Janeth aliliona hilo.

Binti yao Eliana, anayefanya kazi Dodoma, ndiye aliyekuja Krismasi moja na mashine ya gemu iliyokwisha kutumika, pamoja na usukani na pedeli zake. Kefa alikaa mbele yake kwa heshima tu, ili binti asijisikie vibaya. Jioni hiyo Janeth aliita watu mezani, na Kefa akajibu, "Tangulieni, namalizia raundi hii." Chakula chake kikapoa. Kuanzia hapo mguu wa kushoto ukafundishwa kazi zote mbili, kukanyaga mafuta na kukanyaga breki, na mikono ikakumbuka yenyewe ilichokuwa inakijua.

Paskali naye sasa alikuwa dereva kamili, anakaa Itigi, na kijiweni kwao kulikuwa na gemu ile ile. Wakawa wanatambiana kwenye simu. Mwishowe wakapanga: Jumapili, baada ya ibada, Paskali angekuja Unyambwa wapambane uso kwa uso. Na kwa kuwa Kefa enzi zake alikuwa anajigamba kwamba kwenye mvua hakuna wa kumfuata, Paskali akasema mbio ya mwisho iwe ya usiku na mvua.

"Nataka nikuone huko huko ulikokuwa unanitishia, suka," alisema, akimwita dereva kwa lugha ya barabarani.

Kefa alifurahi kama mtoto. Eliana aliposikia habari hizo, akawaletea televisheni mpya, kubwa, mchezo uonekane vizuri. Ile ya zamani wakaihamishia chumbani. Na hii mpya ndiyo iliyoanza kupepesa.

Jumatatu alianza na waya. Akauchomoa ule unaotoka kwenye gemu kwenda kwenye televisheni, akaufuta vumbi, akausukuma hadi mwisho. Skrini ikapepesa. Akachukua waya wa king'amuzi akaweka huo. Ikapepesa vile vile. Akahamisha plagi kutoka kwenye ekstensheni akaichomeka ukutani moja kwa moja. Hakuna kilichobadilika.

Siku iliyofuata akadhani amempata mchawi. Jirani yao, mzee Clement, ana mashine ya kukamua alizeti. Kefa alikuwa katikati ya mbio pale mashine ilipowashwa na kuanza kunguruma, na sekunde hiyo hiyo skrini ikacheza. Hakungoja. Akachukua magongo yake, akavuka uwanja upepo ukimpiga usoni, akamkuta mzee Clement anapima mafuta mbele ya wateja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kefa. Karibu."

"Mashine yako inanyonya umeme wa mtaa mzima. Inaniharibia TV. Kama huna umeme wa kutosha, ungetafuta mahali pengine pa kuiweka."

Wateja wakageuka. Mzee Clement alimtazama kidogo, kisha akaenda ukutani, akazima mashine.

Kefa alirudi mbio mbio kadiri magongo yalivyomruhusu. Alitaka kusimama karibu aitazame skrini vizuri, kwa hiyo akamwomba Janeth ashike usukani. Janeth hakuwahi kuushika. Akaweka mkasi chini, akakaa, akaanza kuendesha kwa kuyumba, akigonga kila kilichokuwa pembeni. Kwa jirani kulikuwa kimya kabisa. Na skrini ikapepesa.

"Mzee wa watu amezima?" Janeth aliuliza.

"Amezima."

"Ulimwambia nini?"

Kefa alipomweleza, Janeth akamjibu kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akiwa hana nafasi ya kupamba maneno. Kefa akachukua magongo tena.

Mzee Clement alikuwa amekaa juu ya gunia la mashudu, wateja wake wakingoja. "Mzee, nimekukosea," Kefa alisema mbele ya wale wale waliomsikia mwanzo. "Siyo mashine yako. Nimekusemea vibaya, na wewe ni mkubwa wangu. Naomba unisamehe."

"Kwa hiyo TV haijapona?"

"Haijapona."

Mzee Clement akainuka, akaiwasha mashine. "Yameisha. Lakini Jumapili nitakuja kwako," alisema, akilazimika kupaza sauti. "Nataka nikione hicho kitu kilichonisimamishia kazi."

Alhamisi wakamwita Mathayo, fundi wa redio na televisheni kutoka mjini, mtu mpole anayefanya kazi huku anajiongelesha. Alifungua taarifa ya habari, akaitazama. Safi. Akachomeka flashi yenye filamu, akatafuta sehemu yenye giza. Safi. Kisha akaihamisha gemu chumbani, akaiunganisha na televisheni ya zamani, Janeth akaendesha usiku na mvua. Safi pia.

"TV nzima, gemu nzima," Mathayo alisema. "Wakikutana ndipo wanagombana. Mimi nikienda kufungua TV hii nitakuwa nakudanganya."

Kefa akakumbuka kazi yake. Enzi za lori, injini ikigonga, hakuwa akifungua kila kitu kwa pamoja. Alikuwa anauliza: inagonga lini? Ikiwa baridi au moto? Kwenye mlima au tambarare? Akaona kwamba siku zote hizi amekuwa akitafuta kilichoharibika, na hajauliza kinaharibika lini.

"Mama Eliana, hebu rudi kwenye usukani. Chagua mbio ya mchana."

Mchana, jua kali, Janeth alizunguka mara kadhaa. Picha haikutikisika. Kefa akamwambia achague usiku, lakini awe peke yake barabarani. Ikapepesa kidogo sana, kwa mbali. Kisha usiku, mvua, na magari mengi. Hapo skrini ikacheza ile mbaya, hasa magari yaliposongamana kwenye kona.

"Umeona?" Kefa aliinuka kitini bila kukumbuka magongo, akashika meza. "Ni kwenye giza. Na vitu vikiwa vingi ndiyo inazidi."

Mathayo alisogea hadi pua ikakaribia kioo. "Rudia, shemeji," alimwambia Janeth. Janeth akarudia. Mathayo akaanza kucheka polepole. "Basi najua. Yaani nadhani najua. Sikilizeni. Gemu inatuma picha nyingi kila sekunde. Barabara ikiwa tupu inatuma haraka. Magari yakijazana na mvua juu yake, inaelemewa, inapunguza mwendo. Hizi TV mpya zimewekewa uwezo wa kuifuata. Gemu ikikimbia, nayo inakimbia. Ikipunguza, nayo inapunguza. Mchana huoni kitu. Lakini kwenye giza, kila ikibadilisha mwendo, mwanga nao unapanda na kushuka. Ile ya zamani haina uwezo huo, ina mwendo wake mmoja tu."

"Kama tela linalorukaruka kila kichwa cha lori kikishtuka," Kefa alisema.

"Hapo hapo."

"Sasa tela hilo linatulizwaje?"

Wakaingia kwenye setingi za gemu, wote watatu wamebanana mbele ya skrini, Janeth akisoma Kiingereza kwa sauti maana Mathayo alikuwa ameacha miwani mjini. Kulikuwa na mambo mengi ya kuwasha na kuzima, na Mathayo alitaka azime yote kwa mpigo. Kefa akakataa.

"Kimoja kimoja, fundi. Ukizima vyote hutajua kipi kilikuwa kinagonga."

Wakazima kwanza kile cha kuongeza ukali wa rangi. Janeth akaendesha. Ikapepesa. Wakakirudisha. Wakatafuta tena, Janeth akasoma taratibu, neno moja moja, hadi Mathayo aliposema, "Simama hapo. Ndicho hicho." Kilikuwa kile cha kuifanya televisheni ifuate mwendo wa gemu unaobadilikabadilika. Wakakizima.

"Niendeshe?" Janeth aliuliza.

"Endesha. Usiku, mvua, magari yote."

Janeth akakaza mikono kwenye usukani. Magari yakaondoka yakirusha maji. Kona ya kwanza, giza limetulia. Wakaingia kwenye handaki, pale pabaya kuliko pote, magari yamesongamana mlango kwa mlango. Giza likabaki giza. Taa nyekundu za magari ya mbele zilikuwa zimenyooka, safi, kila tone la mvua linaonekana. Janeth akatoka upande wa pili wa handaki na kuyapita magari mawili.

"Mama Eliana," Kefa alisema, "sasa nipishe."

"Ngoja nimalizie raundi hii," Janeth akajibu, wala hakugeuka.

Jumapili Paskali alifika na dumu la asali ya Itigi na tabasamu la mtu aliyejiandaa. Alikuwa amenenepa. Akamshika Kefa mikono yote miwili kwa muda mrefu. Mzee Clement alikuwa amekwishakaa kwenye kiti cha mbele, kanzu nyeupe, akisubiri kuona. Madirisha yakafungwa pazia, maana jua la mchana lilikuwa linapiga kioo.

Kila mmoja alikimbia kwa zamu dhidi ya magari ya gemu, saa ya kwenye gemu ikiwahukumu. Mbio ya mchana Paskali alishinda, na alishinda vizuri. Mzee Clement akauliza kama mbio zimeisha.

"Bado ya mvua, mzee," Paskali alisema, akimkonyeza Kefa.

Paskali akatangulia. Alikwenda kwa kasi ya kutisha, akateleza mara moja tu, akainuka kitini anahema. Kefa akakaa. Akaweka mguu wa kushoto juu ya pedeli, akashusha mabega. Taa za kuanzia mbio zikawaka. Alipoondoka, Janeth aliacha kugawa chai. Kona ya kwanza alikanyaga breki mapema, mapema mno, Paskali akaguna. Lakini gari lilipinda bila kupoteza mwendo hata kidogo, likatoka limenyooka, na Kefa akakanyaga mafuta kabla mwingine yeyote hajathubutu. Kona baada ya kona alifanya hivyo hivyo. Mzee Clement alikuwa ameegemea mbele, mikono inapinda usukani ambao haupo. Kwenye handaki magari yalisongamana, Kefa akaona upenyo kushoto, akaupitia. Giza halikutikisika. Alipokata mstari wa mwisho, saa ilionyesha amemtangulia Paskali kwa kupepesa jicho.

Sebule ilichangamka. Mzee Clement alikuwa anampiga Kefa mgongoni kwa kiganja kizito. Paskali alibaki anaitazama skrini, kisha akatikisa kichwa.

"Nilidhani ule mguu uliokatwa ndio uliokuwa dereva," alisema.

Kefa alicheka hadi machozi yakamtoka, akayafuta. "Umekuja na nini?" aliuliza.

"Na lori. Nimeliacha pale barabarani, mzigo nashusha kesho."

"Nataka kuliona."

Janeth akasimama na birika mkononi. Paskali akatoa funguo mfukoni. Kisha akatangulia mbele, akiendana na mwendo wa magongo. Kule barabarani alimpandisha Kefa kwa kumshika kiunoni, kama alivyomshusha siku ile ya Manyoni, akamkalisha upande wa utingo. Kefa alishika dashibodi kwa mikono miwili. Injini ikanguruma, kiti kikatetemeka chini yake, na uso wake wote ukafunguka.

Wakaingia lami kuelekea mjini. Mbele kulikuwa na tuta.

"Punguza," Kefa alisema.

"Nimeliona, suka."

"Punguza mapema zaidi."

Paskali akakanyaga breki, lori likapita tuta polepole, likaanza kuvuta tena.