Namba Niliyoona Haya Kuisoma

Siku yangu ya kwanza bandarini Bukoba nilipewa ubao wa kuandikia na penseli iliyofungwa kwa uzi, nikasimamishwa kando ya ngazi ya meli. Nilikuwa karani wa tali, yaani mtu wa kuhesabu kila kinachopanda na kinachoshuka, na kukilinganisha na hati ya shehena, ile karatasi inayosema mzigo ni wa nani na unaishia wapi. Kahawa ilipanda kwenda Mwanza kushika treni, nyingine ikavuka ziwa kwenda Uganda na Kenya. Ndizi zilipanda kwa mikungu. Saruji, chumvi na mabati vilishuka. Msimamizi wa gati, mzee mkavu asiyecheka, aliniambia neno moja tu: "Usimwangalie mwenye mzigo usoni. Soma namba."

Nilidhani ni ukali wa bure.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa gati ndogo ya kusini, waliyoitumia watu wa Muleba, ambako meli iligusa kabla ya kufika Bukoba. Huko nilipokea mzigo ambao vijana wa leo hawauoni, maana siku hizi hupita barabarani. Sisi Wahaya tunazikwa kibanjani, katikati ya migomba ya nyumbani, hata mtu akifia mbali namna gani. Kwa hiyo wafu wetu walirudi kwa meli. Jeneza liliandikwa kwenye hati kama shehena nyingine, likachorwa namba kwa rangi kwenye kifuniko, na kwa desturi lilishuka kwanza, abiria wote wakisubiri. Miaka ile ya ugonjwa wa ukimwi yalikuja mengi mno.

Asubuhi moja meli ilileta majeneza mawili yanayofanana, moja la kushuka gatini kwetu na moja la kwenda Bukoba. Ukoo kutoka Muleba ulikuwa umefika na lori tangu alfajiri, wanawake wakilia. Wapagazi wakashusha jeneza moja. Nilitakiwa niwasimamishe, nifunue turubai, nisome namba. Niliona haya. Kumsimamisha mfiwa namna ile niliona ni kama kumpima marehemu wake kwenye mizani. Nikatia sahihi, nikawapa pole, wakaondoka.

Walizika siku hiyo hiyo bila kufungua, kwa kuwa hospitali ilikuwa imewakataza. Jeneza la pili likafika Bukoba, likapelekwa Izimbya kwa mjane aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Yeye alifungua ili amvike lubugo, nguo ya gome la mti waliyozikwa nayo wazee wetu. Akakuta mtu asiyemjua.

Mkuu wa bandari aliniita. Aliniuliza kama nilisoma namba, nikasema sikusoma.

"Basi usiniandikie barua ya kujieleza," akasema taratibu. "Nenda Izimbya, ukamwambie yule mama kwa mdomo wako mwanawe yuko wapi."

Nilimkuta amekaa chini, lubugo imekunjwa mapajani. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: mwanawe amezikwa Muleba, kibali cha kufukua kinaombwa, kosa ni langu. Nilingoja anilaani, na angenilaani ningeshukuru.

"Hao waliomzika," akauliza, "walimlilia?"

"Walimlilia sana, mama waitu. Niliwasikia mwenyewe."

"Basi hakuwa peke yake," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Kibali kilitoka siku ya nne. Kijana akarudishwa kwao, akazikwa upya, Izimbya nzima ikiwepo.

Sasa nimestaafu, naishi Kitendaguro na migomba yangu michache. Vijana wa bandari huja kunisalimia, nao hunisimulia meli za watalii wanazozitarajia, za kuwazungusha wageni visiwani wakilala kwenye shuka nyeupe. Nafurahi, bandari bila meli ni ukuta tu. Wakiniomba ushauri, nawaambia wasione haya kumsimamisha mfiwa. Hucheka, wakidhani mzee anatania.

Habari ya yule marehemu wa Muleba sijawahi kuwasimulia. Jeneza lake nililisindikiza mwenyewe kutoka Izimbya. Lori la mara ya kwanza halikuwepo. Walikuja wanaume wanne na majembe yao. Nikauliza wanawake wako wapi. Kaka yake akanijibu, bila hasira yoyote, kwamba wamechoka, walishalia. Tukamshusha kwenye shimo lile lile alimofukuliwa kijana wa Izimbya, tukafukia. Nilijaribu kumlilia mimi, machozi hayakuja.