Molasi ya Ndama

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, sukari ilipoadimika, mimi nilikuwa bwana mifugo mgeni kule Rhotia. Nilikuwa na cheti kipya, buti za mpira na pipa la molasi, ile shira nyeusi inayobaki kiwandani sukari ikishatengenezwa. Molasi hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya ndama.

Chuoni tulifundishwa kwamba majani ya nchi za joto yana sukari kidogo. Ukiyakata mabichi na kuyashindilia shimoni yachachuke yawe sileji, chakula cha akiba cha ng'ombe, sharti uyatie kitu kitamu kama molasi, la sivyo yataoza. Somo hilo nililijua kwa moyo, na nilimweleza kila mtu, hata ambaye hakuniuliza. Aliyenisikiliza mpaka mwisho alikuwa mjane mmoja Mwiraqw mwenye ndama madume wanne. Maksai wake wa zamani walikuwa wamechinjwa kwenye msiba wa mumewe, na udongo wa shamba lake ulikuwa mzito, plau haivutiki humo bila ng'ombe wanne. Ndama wale ndio walikuwa kilimo chake cha mwaka unaofuata.

"Mabua ya mahindi wagawie majirani, mama," nilimwambia. "Shimo litatulisha kiangazi chote."

Akagawa. Ukiwajua watu wa kule wanavyowatunzia ng'ombe mabua ya kiangazi, utaelewa aliniamini kiasi gani.

Sasa turudi kwenye pipa. Nilianza na kijiko kimoja katika chai, eti kwa utafiti. Utafiti ukanoga. Mwalimu jirani yangu akaja kutafiti, akafuata katekista, halafu vibarua wa shamba la kahawa, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa mtu wa kutafutwa. Nilikaribisha watu chai kama mkuu wa wilaya. Mjane naye nilimpelekea chupa nzima, nikapokea shukrani zake kwa unyenyekevu, kama mtu anayetoa mali aliyoichuma kwa jasho lake.

Siku ya kufukia majani ilipofika, pipa lilikuwa nusu. Mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi niliongeza maji, ndoo baada ya ndoo, nikakoroga kwa mti mpaka likajaa.

Majirani walikuja kukanyaga majani ya mabingobingo shimoni, wakiimba. Mimi nilisimama ukingoni nikinyunyiza maji yangu ya kahawia na kuhutubia. Mjane alichovya kidole ndani ya pipa, akalamba, akanitazama kidogo. Kisha akaenda nyumbani, akarudi na punda aliyebeba magunia mawili ya pumba za mahindi, akaanza kuzitandaza katikati ya majani upande mmoja wa shimo.

"Mama, pumba peleka kwa kuku!" nilisema kwa sauti, watu wacheke. Wakacheka.

"Ni zangu, mwanangu. Acha nizipoteze."

Mwezi wa tisa tulifungua shimo mbele ya watu wale wale. Mfugaji mmoja wa Kimaasai, aliyepanda na ng'ombe wake kutoka bonde kavu la Olbalbal kutafuta maji, alijifunika pua kwa shuka akauliza kwa adabu ni mnyama gani aliyefia humo. Upande wangu ulikuwa uji mweusi. Ndama walinusa, wakageuka. Upande wa pumba, ambazo kumbe nazo zina utamu wake, majani yalikuwa ya manjano, yana ukali mzuri wa maziwa ya mgando, na ndama waliyala mpaka wakasukumana.

Lakini ulikuwa upande mmoja tu, na mabua yalikuwa yameshaliwa na ng'ombe wa majirani. Chakula kile kilitosha ndama wawili. Wengine wawili aliwapeleka mnadani mbavu zikiwa nje.

Alipotoka mnadani nilimfuata nyumbani, nikamwambia yote. Sikuwa nimewahi kuona haya kiasi kile.

"Nilijua," alisema. "Niliionja siku ile. Haikuwa ile uliyoniletea."

"Mbona hukusema, mama?"

"Mbele ya watu? Wewe ni mgeni wetu, tena umesoma. Na ile chupa niliinywa, mwanangu. Ningeanzia wapi kukusema?"

Ofisini waliniomba ripoti. Niliandika kwamba pumba zimefaa sana, na sikuandika ni wazo la nani. Nilisifiwa.

Miaka miwili baadaye wale ndama wawili waliobaki wakawa maksai. Mvua ziliponyesha waliivuta plau sehemu ya juu, penye udongo laini, wakafika bondeni, kwenye udongo ule mzito, wakagoma. Mjane hakuwapiga. Aliwafungua, akachukua jembe la mkono, akaanza kulima palipobaki. Niliazima jembe nikajiunga naye. Kufika saa nne asubuhi viganja vyangu vilikuwa vimejaa malengelenge, nikaketi kwenye tuta kupumzika. Yeye aliendelea kulima hadi jioni, kazi ya wale ng'ombe wawili waliouzwa.