Upande wa Kulia wa Zaburi

Dorkasi Feruzi ni mzaliwa wa Wete. Wiki nzima hushona sare za shule barazani kwake, na Jumapili husali katika kanisa dogo ambalo waumini wake wengi ni watu wa bara: askari, walimu, wauguzi waliohamishiwa Pemba.

Utotoni mwake zaburi ziliimbwa humo bila chombo chochote, kwa mtindo wa kale walioufundishwa mababu zake na wamisionari. Upande wa kulia wa kanisa ulianza mstari, wa kushoto ukaujibu. Kikaja kinanda cha umeme, zikaja spika, na zaburi zikaachwa.

Mwaka jana alifiwa na mama yake. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo umeme ulipokatika. Katika ukimya ule Dorkasi akajikuta anaimba zaburi ya zamani, peke yake, mbele ya jeneza. Kumbe aliimba jibu la mstari ambao hakuna aliyeuanza.

Baada ya maziko, Elifasi, kiongozi wa kwaya, muuguzi kutoka Mbeya, akamfuata.

"Mama, ule wimbo tufundishe."

"Ninao nusu tu, mwanangu. Sisi tulikaa kushoto."

Wa upande wa kulia walikuwa wamekwisha kufa, isipokuwa mmoja: shoga yake wa utotoni, Moza wa kijiji cha Gando, aliyesilimu alipoolewa. Walizikana na kualikana harusini miaka yote, lakini habari za kanisa hawakuzigusa. Dorkasi alijishauri wiki kadhaa, hatimaye akaenda. Alimkuta anachambua karafuu.

"Moza, nina ombi. Likikukera, nambie nikae kimya."

Moza alimsikiliza hadi mwisho.

"Maneno siyatamki, shoga," alisema. "Mie nna dini yangu, naipenda. Lakini sauti ntakupa."

Akafumba macho, akaivumisha zaburi kwa mdomo uliofungwa, taratibu, bila kukosea. Dorkasi akajibu kwa maneno. Wakaendelea hivyo, machozi yakiwatoka. Mzee Hamad, mume wa Moza, alichungulia mlangoni.

"Endeleeni," akasema. "Miye naenda kuswali. Nikirudi nikute chai."

Dorkasi alirudi Gando mara nyingi, mpaka sauti zote zikamkaa kichwani; maneno ya kulia aliyasoma katika Biblia yake.

Kuwafundisha vijana haikuwa rahisi. "Inaleta usingizi, Mama," walilalamika. Elifasi akazima ngoma za kinanda, akaacha noti moja nene ikivuma chini kabisa. Juu yake vijana wakajaribu tena. Safari hii hakuna aliyelalamika, waliomba warudie.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa hadi nje. Dorkasi alisimama katikati, akainua mkono. Kulia wakaanza. Kushoto wakapokea. Kufikia mstari wa tatu watu walikwishaushika wimbo. Askari, walimu, watoto, kila mtu akaingia, na bati la paa likatetema. Zaburi ilipoisha hakuna aliyeketi. Padri mwenyewe alisema, "Tena!" Wakaimba tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Siku hizi wanaziimba kila Jumapili, na waumini wa Chake Chake wamemwita akawafundishe.

Jumatatu ile ya Pasaka wateja walimkuta barazani sauti imemkauka kabisa. Aliwapima mabega na kuwaonyesha bei kwa vidole, huku akicheka kimyakimya hadi mabega yake mwenyewe yakatikisika.