Mchicha, Soseji na Presha ya Mama

Miaka ile ya tisini tukiishi mtaa wa Mowlem, mama alikuwa akingojea kazi ya upishi katika shule ya chekechea. Masharti yalikuwa mawili: achanjwe dhidi ya homa ya matumbo, na siku ya tatu arudi kliniki kupimwa presha. Presha yake ilikuwa na tabia ya kupanda, na kazi hiyo aliitaka sana, maana baba alikuwa ameachishwa kazi ya reli.

Kwao magharibi, aliyedungwa sindano hulishwa mchicha wiki nzima, "damu ipate njia." Jioni ya chanjo alikuwa tayari anachambua majani nilipoingia, mimi, msomi pekee wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mwenye shahada na asiye na ajira.

"Mama, usile mboga hiyo. Ina naitreti, ile ya mbolea. Itakukaza mishipa, na sindano tayari imeichokoza."

Niliyatoa wapi hayo? Katika nusu ya mhadhara mmoja. Nusu ya pili nililala. Lakini mama aliuza ng'ombe ili nisome, na ni vigumu mtu kuuza ng'ombe kisha akabishana na alichonunua. Akaacha mchicha. Nami nikamwandikia soseji, mbili asubuhi, mbili jioni, zimjenge mwili. Sikujua kwamba soseji huhifadhiwa kwa chumvi za ukoo huohuo.

Siku ya tatu nilimsindikiza kliniki. Nesi alipima, akapima tena: presha ilikuwa imepanda.

"Mama, umekuwa ukila nini?"

"Soseji."

"Nani alikuambia?"

Mama akanielekezea kidevu. "Daktari wangu."

"Huyu? Daktari wa nini?"

"Hata sisi tunangoja kujua."

Akapewa hadi Ijumaa arudi kupimwa. Mama alinifukuza jikoni, akarudia mchicha wake. Ijumaa presha ilikuwa imeshuka, kazi akapata. Huenda ni mchicha, huenda makali ya sindano yalikuwa yamepita, huenda ni soseji tu kuisha. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba naitreti ya mboga husaidia mishipa kulegea, na kwamba wapo wanaochunguza kama inaifaa hata baada ya chanjo. Nilifunga gazeti upesi, kana kwamba mama alikuwa nyuma yangu akisoma.

Asubuhi yake ya kwanza kazini nilikuta sahani ya mchicha mezani. Yeye alikuwa mlangoni, akifunga aproni mpya.

"Kula mbolea, Daktari," akasema. "Labda nawe utamea."