Mafuta Yasiyoganda

Wifi yangu Editha anakamua alizeti hapa Kinyangiri, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kanga yake ina mafuta, kandambili zina mafuta, hata daftari lake la kwaya lina alama za vidole. Mtu analeta gunia lake, anakaa kwenye benchi, anaangalia mbegu zake zinaingia, mashudu yanatoka huku, mafuta kule. Editha anayaacha yatulie siku tatu, anachuja kwa kitambaa, anajaza dumu. Basi. Hana siri, na hata angekuwa nayo angeificha wapi?

Halafu mwezi wa sita ikaja hiyo video.

Kijana mmoja, wala hatumjui, sijui yuko mji gani, kavaa koti jeupe la kidaktari, kashika chupa mbili. Eti, "Ndugu mtazamaji, mafuta halisi lazima yagande kwenye baridi. Yasipoganda, kimbia! Hayo ni feki!" Nyuma yake muziki wa kutisha. Siku mbili tu, kila simu kijijini inapiga kelele kimbia, kimbia. Redio moja nayo ikaidaka, mtangazaji akaisimulia huku anahema.

Jamani! Mafuta ya alizeti hayagandi. Tumezaliwa tunayaona hayagandi. Yanayoganda ni yale ya dukani, ambayo kila Julai tunayachokonoa kwa kijiko.

Lakini watu wakaanza kurudisha madumu. Mama Laurian alirudisha mafuta ya mbegu alizolima mwenyewe, akapalilia mwenyewe, akaja nazo kichwani mwenyewe! Nikamuuliza, "Sasa hiyo feki imeingilia wapi?" Akanijibu, "Mimi sijui, ila daktari kasema." Daktari! Koti tu lile!

Kilichomtisha Editha hasa ni shule. Shule yetu ndiyo inayochukua mafuta yake mwaka mzima, ya kuungia maharage ya watoto. Wakulima wakishamaliza alizeti zao, bila shule mashine inalala, naye anafunga mlango. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Antipasi, akamwita, nami nikamsindikiza.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mama, sisi hatuna ugomvi na wewe, ila wazazi wameona video. Ijumaa jioni lete chupa, tuiache hapa nje. Asubuhi tukikuta yameganda, tunaendelea na wewe. Yasipoganda, tutatafuta mtu mwingine."

"Mwenyekiti, si juzi tu umekamua kwangu?"

"Yangu ni yangu. Hapa tunaongelea afya za watoto."

Nilitaka kupasuka. Nikamburuta Editha mpaka kwa bwana shamba, mtu msomi, aje awaeleze hawa watu. Kumbe bwana shamba mwenyewe ndiye aliyeituma ile video kwenye kundi la kata! "Nilituma tu kama nilivyotumiwa," akasema. Ukimwuliza kama anaiamini, anatafuta funguo za pikipiki.

Ijumaa mchana nikamkuta Editha nyuma ya mashine, kachuchumaa. Pembeni yake kuna dumu la mafuta ya dukani. Anayamimina kwenye chupa yake, na alizeti imebaki robo tu.

"Editha, unafanya nini?"

"Nataka yagande."

"Si ndiyo feki yenyewe hiyo?"

"Ndiyo," akasema, bila kuinua macho. "Nishikie chupa."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yule kijana wa koti, nikaikasirikia redio, nikamkasirikia Antipasi, nikamkasirikia na Editha. Lakini chupa nikaishika.

Baridi ya siku ile ilipiga kwelikweli, na upepo juu yake. Jumamosi asubuhi tukakuta chupa imeganda nyeupe mpaka shingoni. Mzee Antipasi akaipindua juu chini, halikudondoka hata tone. Kamati nzima ikapiga makofi. Mwalimu mkuu akampiga Editha picha ameishika ile chupa, hapohapo akaituma kwa wazazi wote, na chini akaandika: mafuta halisi.

Mwenyekiti akampa mkono, uso wote kicheko.

"Umeona, mama? Ukiamua kuwa mwaminifu, unaweza."

Editha akasema asante.