Mheshimiwa na Jani la Sale

Eliufoo aliingia siasa kwa kukataa kuchimba mfereji. Alikuwa kijana wa Machame, mdomo mwepesi kuliko jembe. Siku wazee walipomtoza faini ya beberu kwa kukosa kazi ya mfongo, ule mfereji wa mababu unaoshusha maji migombani, alisimama akauliza: nani kawapa ruhusa ya kumlazimisha mtu huru? Vijana wakampigia makofi. Akapata udiwani, kisha ubunge, na sasa, kichwa kimejaa mvi, alitaka urais. Hotuba ilikuwa ile ile kila jukwaa: serikali itoke shambani, kodi ipungue, mtu asilazimishwe.

Kwao walimsikia vizuri kupita kiasi. Mfongo haukuwa wa serikali hata siku moja, ulikuwa mapatano ya majirani. Lakini nani apinde mgongo wakati Mheshimiwa kasema si lazima? Kila mtu akamtegea mwenzake. Mfereji ukaziba, ukabomoka, na wa kwanza kukosa maji akawa dada yake, Sifael, ambaye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, kiko mwisho kabisa wa mfereji. Huyo ndiye aliyeuza maziwa akamsomesha. Migomba ikanyauka, ng'ombe akauzwa, na yeye, mama mtu mzima, akawa anateremka bondeni na ndoo kuchota maji. Huko aliteleza akavunjika nyonga.

Eliufoo aliahirisha mkutano wake wa Moshi mjini. Alijua kosa ni lake. Akachuma jani la sale, ambalo Mchagga akiletewa na mkosaji hana budi kusamehe, akaenda kupiga goti kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Akamwonyesha. Sifael alilitazama lile jani, hakunyoosha mkono.

"Nikilipokea, nimekusamehe. Na kulikataa siwezi, mila hairuhusu. Sasa wewe unayezunguka nchi nzima ukisema mtu asilazimishwe, mimi mbona unanilazimisha?"

Eliufoo, bingwa wa maneno, aliona aibu mpaka machozi yakamlenga. Taratibu akaurudisha mkono wake nyuma.

"Hapo sawa," dada yake alisema. "Siku moyo wangu ukikubali, nitatuma mtu akuite. Usipoitwa, usije nalo."

Kisha akageukia ukuta.

"Na ukitaka kwenda kwenye kampeni zako, nenda. Hapa halazimishwi mtu."