Asubuhi Mawe ya Kite Yalipokosa Povu

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo miaka haijaniondolea. Naikumbuka hadi harufu yake: moshi wa kuni mbichi, omena, dagaa wetu wa ziwani, waliolala juu ya nyavu wakikauka, na ziwa lenyewe, ambalo kabla ya jua kuchomoza hunuka kama chungu kipya kilichotiwa maji. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi, nimesimama juu ya kilima nyuma ya ufuo wetu, mwendo mfupi kutoka Sindo, na nilikuwa nimewaambia watu waende majini.

Acha kwanza nikwambie nilikuwa nani, ili ujue kwa nini waliniamini. Nilitoka hapa na sanduku la mbao na viatu vya kuazima. Nikafika ng'ambo, nikaosha vyombo katika hoteli iliyo kando ya bahari, na kwa mikono hiyohiyo yenye sabuni nikajilipia karo mpaka nikapata diploma ya elimu ya hali ya hewa. Hakuna harambee iliyoitishwa kwa ajili yangu, wala mjomba aliyeuza ng'ombe. Katika lokesheni yetu nzima hakukuwa na mwingine mwenye karatasi kama ile. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli.

Mji ule wa ng'ambo ulikuwa na mwamba chini ya maji, na juu ya mwamba huo mawimbi yalijikunja na kuvunjika katika mstari mrefu mweupe. Vijana walikuja kutoka mbali kuyapanda, wamesimama juu ya vipande vya ubao kama mtu aliyesimama mgongoni mwa fahali anayekimbia. Kazi yangu ya alfajiri, kabla ya masufuria, ilikuwa kuwaandikia hali ya mwamba: urefu wa wimbi, muda kati ya wimbi na wimbi, upepo unakotoka, saa nzuri ya kuingia. Mimi, mtoto wa huku, nikiwaambia wenyeji bahari yao itafanya nini, nao wakinishukuru. Nyakati nyingine bado naota niko pale, chaki mkononi, na mbele yangu maji yanakuja tu, yanakuja, bila kuchoka.

Niliporudi nyumbani nikagundua kwamba nasi tulikuwa na mwamba wetu. Mbele ya ufuo, mbali kidogo kuliko sauti ya mtu inavyoweza kufika, kuna mawe yaliyozama ambayo sisi Wajaluo tunayaita Kite, yaani mawe tu. Katikati yake kuna mlango mmoja mwembamba wa kupitia mashua. Alasiri upepo ukitoka ziwa kubwa, mawimbi hupanda juu ya Kite na kupasuka, na povu lake huonekana kutoka kilimani kama kanga nyeupe iliyoanikwa. Povu mstari mmoja, mashua kubwa hupita. Mistari miwili, kila mtu anakaa nyumbani anashona nyavu.

Basi nikatundika ubao mweusi kwenye ukuta wa duka la ufuoni na kuanza kuandika kila asubuhi. Upepo: kutoka vilima. Mawimbi: hadi goti. Kite: shwari mpaka saa sita. Nilikuwa na darubini nzuri na chombo cha kupima uzito wa hewa, vyote nilivyonunua kwa jasho langu. Wavuvi walicheka wiki mbili, kisha wakaanza kusoma. Wasiojua kusoma walisomewa. Manahodha wa kwenda kisiwa cha Remba walikuwa hawang'oi nanga kabla hawajauliza, "Diploma, leo ziwa inasema nini?" Hilo ndilo lilikuwa jina langu, Diploma, na nililipenda kuliko lile nililobatizwa.

Siku za Jumapili nilichukua ubao wa mtumbwi uliovunjika, nikaogelea hadi ukingoni mwa Kite, nikalala juu yake kifudifudi na kuacha wimbi linibebe hadi mchangani. Kwa zile pumzi chache sikuwa na uzito wala jina. Wanawake waliokuwa wakigeuza omena walisimama kunitazama, na mmoja wao, Min Awino, yaani mama yake Awino, mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliwahi kuniuliza, "Diploma, mama yako anajua ulienda Ulaya kusomea kulala juu ya maji?"

Sasa sikiliza kilichotokea.

Kaka yangu mkubwa, Ouma, alikuwa amefikia wakati wa kutoka katika boma la marehemu baba na kuanzisha lake. Kwetu jambo hilo lina utaratibu wake. Mwanamume hutoka alfajiri na mwanawe wa kwanza akiwa amebeba jogoo, mke amebeba moto, na mzee wa upande wa baba anawatangulia kuonyesha mahali nyumba itakaposimama. Nyumba hujengwa siku hiyohiyo na kuezekwa kabla ya jua kuzama. Akishatoka na jogoo na moto, Ouma harudi tena kulala alikotoka. Jua likizama na nyumba haina paa, yeye na mkewe Adhiambo na mtoto wao watakuwa watu wasio na kwao, na jambo hilo litasemwa hata kwa wajukuu.

Shamba lake jipya lilikuwa kwenye ncha ya ng'ambo ya ghuba. Ouma alitaka kutanguliza boriti, mabati na mlango kwa mkokoteni wa ng'ombe, siku mbili za kuzunguka milima. Mimi nikamkatalia.

"Ya nini kuwatesa ng'ombe?" nikamwambia. "Pakia kwenye mashua asubuhi ileile. Nitakupa saa ambayo Kite italala kama mtoto."

"Una hakika?"

"Wuod min, ndugu yangu, nimewaambia Wazungu lini waingie bahari. Hili ni ziwa tu."

Akanitazama, akacheka, akawarudisha ng'ombe malishoni. Alinipenda sana kaka yangu, na alijivunia ile karatasi kuliko mimi mwenyewe, ikiwa hilo linawezekana.

Asubuhi yenyewe nilipanda kilima kukiwa na mwanga hafifu. Jua huchomoza nyuma ya kilima hicho, kwa hiyo kivuli chake hulala juu ya maji kwa muda mrefu baada ya kupambazuka. Nikaelekeza darubini kwenye Kite. Hakukuwa na povu hata la kujaza kiganja. Maji yalikuwa meusi, laini, mazito, na nilipokaa nikiyatazama niliona yanainuka taratibu na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mwema. Nikaona ziwa linapumua. Mwanangu, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilisahau darubini iko machoni. Nilikaa pale nikipumua pamoja nalo, na moyoni nikasema hii ni zawadi ya kaka yangu.

Nilishuka nusu ya kilima nikampungia mkono Okelo, nahodha wa mashua iliyopakiwa. Okelo alikuwa mtu wa maneno machache. Akapaza sauti kutoka chini.

"Omera, ndugu, hadi saa hii watu wa Remba hawajafika na samaki."

"Wamelala," nikamjibu.

"Wote?"

"Nenda, Okelo. Kite ni shwari."

Akanyanyua bega, akasukuma mashua. Ndani yake alikaa mdogo wa baba yetu, Jaduong' Oloo, yaani Mzee Oloo, kwa sababu magoti yake hayakuweza tena njia ya milimani. Yeye ndiye mzee wa kuonyesha mahali pa nyumba. Ouma na familia yake walikuwa wameshatoka kwa miguu, kwa njia hiyo ya mkato isiyopitika kwa mkokoteni, na jogoo wao na moto wao.

Kile nilichokuwa nikikitazama hayakuwa maji. Miaka ile ndiyo magugu maji yalikuwa yameanza kutuvamia, yakitembea ziwani kama mashamba yasiyo na mwenyewe. Usiku ule tufani iliyopiga mbali, upande wa Remba, na kuwazuia wale wenye samaki, ilikuwa imesukuma shamba zima la magugu mpaka likanasa juu ya Kite. Katika kivuli cha kilima lilionekana jeusi na laini. Na mawimbi ya tufani ile yalikuwa bado yanafika. Yalipita chini ya magugu, yakiyainua na kuyashusha, wala hayakuweza kutoa povu kwa sababu yalikuwa yamefunikwa blanketi. Mimi niliyefundishwa kwamba wimbi husafiri mbali na upepo uliolizaa, niliyeyaandika hayo kwa chaki kila alfajiri katika nchi ya watu, nililitazama wimbi likitembea mbele yangu nikaliita usingizi.

Mlangoni tu ndipo hapakuwa na magugu. Huko ndiko mawimbi yalikotoka chini ya blanketi na kusimama. Niliona mashua ikiinua pua, ikageuka ubavu, kisha nikasikia mbao zikigonga jiwe, sauti ndogo kabisa kwa umbali ule, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Nilikimbia. Sikumbuki njia. Nakumbuka wanawake wakitupa mafagio yao na kusukuma mitumbwi pamoja na wavuvi, na mimi nikiogelea na suruali yangu ya pasi. Okelo na wapiga makasia wake wawili walikuwa wameshikilia boriti zilizokuwa zikielea. Jaduong' Oloo tulimkuta amelala chali juu ya magugu, yamembeba kama kitanda, maua yake ya zambarau yamemzunguka kichwani. Nilidhani amekufa. Alifungua jicho moja.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "kofia yangu imeenda."

Kofia ilikuwa imeenda, mlango wa nyumba ulikuwa umepotelea majini, na mabati yote yalikuwa yameenda chini. Tulimfikisha mzee ng'ambo ya ghuba jua likiwa limeshapanda. Ouma alikuwa amesimama kwenye kiwanja chake akingoja, mtoto amemkumbatia jogoo, Adhiambo anaupuliza moto wake usizimike. Nilimwambia mwenyewe, kaka, mabati hayapo. Alitazama jua lilipo, akachukua jembe, akaanza kuchimbia boriti moja baada ya nyingine, boriti zilizokuwa zinachuruzika maji.

Min Awino ndiye aliyesema tukate mafunjo. Alikuwa amekuja na wanawake sita, kila mmoja na panga lake, na wote tukaingia kinamasini hadi kiunoni. Nilikata mpaka viganja vikatoka damu. Hakunihurumia. "Kata chini, Diploma, chini kabisa. Hapo juu ni pa kupambia kanisa." Baadaye kidogo, bila kuinua kichwa, akasema, "Tangu urudi, leo ndiyo siku ya kwanza nakuona umelowa kwa kazi."

Mafunjo yalipandishwa juu tita kwa tita. Wanaume walifunga, wanawake walirusha, na kivuli cha milima kikaanza kutambaa kuja kwetu. Nilipewa kazi ya kuchukua maji ya kunywa, na hapo ndipo nilipomfikia Jaduong' Oloo, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe amejifunga shuka ya mtu mwingine. Nilipiga magoti kumpa kikombe. Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa furaha.

"Asubuhi ulitazama?" akaniuliza.

"Nilitazama, Jaduong'."

"Uliona nini?"

"Niliona shwari."

Akanywa, akaifikiria ile ladha ya maji. "Uliona shwari, au hukuona wimbi?"

Niliuona tena ule weusi laini ukipumua, uzuri wake wote, na nikajua kwamba sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimekosa kuona, kisha kukosa huko nikakupa jina zuri na kulipeleka kwa watu waliokuwa wakiniamini.

"Sikuona wimbi," nikasema.

"Basi ungesema hivyo. Okelo ana macho. Angeenda kutazama mwenyewe."

Alinirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama anavyofanyiwa mtu mzima.

Tita la mwisho lilifungwa jua likiwa limebaki ukucha tu. Paa lilikuwa limepinda upande mmoja, na mafunjo mabichi yalidondosha maji ndani kama mvua ya polepole. Adhiambo aliingia na moto wake, na moshi ukatoka juu kupitia kila tundu. Ouma alisimama mlangoni pasipo mlango. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasogea kando kidogo ili nipite niingie.

Mwanangu, wewe nawe utapata karatasi yako, au umeshaipata, na nataka uitundike mahali watu wataiona. Sikufundishi unyonge. Mimi niliendelea kuandika ubao ule miaka mingi, na nilikuwa hodari, muulize yeyote ufuoni. Lakini kila asubuhi niliingia mtumbwini kwanza na kupiga kasia hadi Kite, nikatia mkono majini, ndipo nikaandika. Na siku za ukungu au magugu niliandika kwa herufi kubwa kuliko zote: sikuona. Hakuna aliyenipunguzia heshima kwa neno hilo. Manahodha walilisoma, wakashuka kutazama kwa macho yao.

Ninalokuusia ni hili. Watu wakishaanza kukuamini, wataacha kutazama wenyewe. Ndiyo gharama wanayokulipa, nayo ni kubwa kuliko ada yoyote. Kwa hiyo watenganishie unachokijua na usichokijua, kila siku, hata kama unaona aibu, hata kama mbele yako kuna kitu kizuri kinachotaka kuaminiwa. Mtu anapokuambia neno dogo linalopingana na lako, kwamba fulani hawajafika, simama. Teremka kilimani. Nenda ukaguse.

Nyasaye, Mungu wetu, akuzidishie elimu, na akupe mguu mwepesi wa kushuka nayo. Kila utakayemwambia nenda, afike. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, uwe na ndugu atakayesogea mlangoni akupishe.